KYAKA: MJI WA DARAJA NA MLANGO WA KARAGWE

Wahenga walituusia tusimtukane mamba kabla hatujavuka mto. Maana ya usia huo humwingia mtu vizuri zaidi akiwa amesimama ukingoni mwa Mto Kagera, pale Kyaka, mkoani Kagera. Maji yake yana rangi ya udongo, ni mazito na hayana kelele. Mgeni huyadhania yamelala, kumbe yanakwenda kwa nguvu nyingi. Ndivyo ulivyo mji wenyewe. Ukiupita ndani ya basi utaona maduka machache, mikungu ya ndizi kando ya barabara, na magari ya mizigo yaliyopumzika. Ukiteremka na kuuliza, utakuta umesimama juu ya historia ya nchi nzima.

Kyaka ni mji mdogo katika Wilaya ya Missenyi, kiasi cha kilomita 50 kutoka Bukoba. Hapa njia tatu hukutana: moja yaenda Bukoba, ya pili yavuka daraja kuelekea Mtukula na Uganda, na ya tatu yapanda magharibi kwenda Karagwe na Kyerwa. Mkulima wa Kiruruma aendaye Bukoba kwa shughuli zake hupitia hapa, sasa kwa njia ya lami, mahali ambapo zamani vumbi na matope vilimla siku nzima. Kwa hiyo si vibaya kuuita mji huu mlango wa Karagwe.

Tuutazame kwanza mto, maana ndio mzazi wa mji. Kagera huzaliwa pale maji ya Ruvubu kutoka Burundi yanapokutana na maji ya Nyabarongo kutoka Rwanda, karibu na maporomoko ya Rusumo. Huenda kaskazini ukiitenga Tanzania na Rwanda, kisha hukunja kuelekea mashariki na kuandamana na mpaka wa Uganda, halafu huingia katika ardhi yetu na kupita Kyaka. Mwisho hurudi Uganda na kumwagika katika Ziwa Viktoria. Hakuna mto mwingine uliletea ziwa hilo maji mengi kuuzidi. Kwa sababu hiyo wataalamu huuhesabu miongoni mwa mito mama ya Nili, na tone lipitalo chini ya daraja la Kyaka laweza siku moja kufika Misri.

Wageni wa Ulaya walipokuja kutafuta asili ya Nili, ilikuwa lazima wapite katika nchi hii. Mwingereza John Hanning Speke na mwenzake Grant walifika Karagwe mwezi wa Novemba, 1861, wakapokewa kwa ukarimu na Mukama Rumanyika katika makao yake ya Bweranyange. Grant aliugua mguu, akabaki huko akiuguzwa. Mapema mwaka 1862 Speke aliendelea na safari ya kwenda Buganda, akauvuka mto huu kwa mtumbwi mahali alipopaita Kitangule, ndipo Kitengule ya leo. Hakuvuka kwa nguvu zake peke yake, bali kwa idhini ya Mukama na kwa mikono ya wapiga kasia wenyeji, ambao majina yao hayakuandikwa katika vitabu.

Yafaa tukumbuke kwamba Karagwe ya siku zile haikuwa nchi ya gizani ikingojea kugunduliwa. Karibu na Bweranyange, mahali paitwapo Kafuro, palikuwa na kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliotoka Pwani kwa njia ya Unyanyembe. Lugha hii tunayoiandika ilikwisha kusikika huko kabla ya bendera yoyote ya Ulaya kutwekwa. Stanley alipofika mwaka 1876 alionyeshwa hazina ya Mukama, yenye mikuki na sanamu za wanyama zilizofanywa kwa madini. Vitu hivyo vilitoka katika mikono ya mafundi wa nchi hii. Tena uchimbaji wa wanahistoria katika nchi ya Wahaya umethibitisha kwamba chuma kiliyeyushwa upande huu wa ziwa yapata miaka 2,000 iliyopita.

Kisha wakaja wenye kugawa. Mwezi wa Julai, 1890, Waingereza na Wadachi walikubaliana wakiwa Ulaya kwamba mpaka wao uifuate digrii moja kusini ya Ikweta. Mstari huo ulinyoshwa juu ya karatasi, haukumwuliza mto wala mwenyeji. Ndiyo sababu kipande cha nchi kilichoko kaskazini ya Kagera kimo Tanzania. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, majeshi ya mataifa hayo mawili yalitazamana kando ya mto huu, na mwezi wa Juni, 1915, Waingereza waliivamia Bukoba, wakaiharibu ngome yake, wakaondoka. Wenyeji wasio na ugomvi na yeyote ndio waliobebeshwa mizigo ya vita ile.

Lakini jaribu kubwa kuliko yote lilikuja sisi tukiwa huru. Mwishoni mwa Oktoba, 1978, majeshi ya Idi Amin yaliingia Missenyi, yakateketeza, yakapora na kuua. Wananchi wapatao 1,500 wanakadiriwa kuuawa, na maelfu walikimbia wakiwa na watoto mgongoni. Amin alitangaza kwamba mpaka wa Uganda sasa ni Mto Kagera. Mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka lilivunjwa, kusudi majeshi yetu yasivuke.

Hapa msomaji na afikiri kidogo. Mwaka 1964, huko Kairo, viongozi wa Afrika huru walikubaliana kuiheshimu mipaka waliyoirithi. Hawakufanya hivyo kwa kuwa mipaka hiyo ilikuwa mizuri. Walijua kwamba kila mtu akianza kuvuta kamba upande wake, Afrika nzima itawaka moto. Aliyevunja daraja la Kyaka alivunja pia ahadi hiyo.

Mwalimu Nyerere aliliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga mvamizi tunayo, uwezo tunao, na nia tunayo. Wanajeshi wetu walitandika daraja la kuelea juu ya maji yale yale, wakavuka, wakaikomboa Missenyi. Tarehe 11 Aprili, 1979, Kampala ilianguka na utawala wa Amin ukaisha. Mwaka huo huo Mkoa wa Ziwa Magharibi ulibadilishwa jina, ukaitwa Kagera, na mto ambao mvamizi alitaka uwe ukuta ukawa jina la watu wa ng'ambo zote mbili.

Je, mtu akienda Kyaka leo ataona nini? Ataona daraja, na aliheshimu. Ataona magofu ya kanisa lililopigwa katika vita ile, yakisema bila maneno. Ataona mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha Kagera, ambacho nacho kiliporwa na wavamizi, kisha kikafufuliwa, na leo kinawapa kazi wafanyakazi wengi. Akienda kaskazini zaidi atafika Msitu wa Minziro, wenye ndege na miti ya jamii za misitu ya Kongo, na vipepeo vya aina mamia. Huko Bwanjai ataona michoro ya kale juu ya miamba. Akirudi na kushika njia ya Karagwe, atapita katikati ya migomba na mibuni mpaka Bweranyange kwa Rumanyika. Na akifika Kyerwa aulize chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo Stanley alizizuru na ambazo wagonjwa walizifuata tangu zamani. Katika msimu wa senene ataonja kitu kisichopatikana kwa urahisi katika hoteli za mjini.

Tena ataona jambo la kufurahisha. Pale Kitengule, Speke alipovuka kwa mtumbwi, tangu mwaka 2022 lipo daraja kubwa linaloiunganisha Karagwe na Missenyi. Kazi ya kuunganisha haikukoma Kyaka.

Hata hivyo, tusijidanganye. Mji uliolipia uhuru wetu kwa damu wapitwa kila siku na abiria wasiojua. Watoto waliozaliwa baada ya vita sasa ni watu wazima wenye watoto wao, na wazee walioyaona kwa macho wanapungua mwaka hadi mwaka. Mzee mmoja akizikwa, sura nzima ya kitabu huzikwa pamoja naye. Magofu nayo hayangoji. Mvua na majani havina adabu kwa historia.

Kwa hiyo yatupasa tufanye mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Walimu na wawapeleke wanafunzi wao Kyaka na Bweranyange kabla ya kuwafundisha majumba ya wafalme wa ng'ambo. Vijana na wakae chini ya wazee wao, wakaandike waliyoyaona, kwa Kiswahili, kwa Kihaya na kwa Kinyambo. Halmashauri na ziyatunze magofu, ziweke vibao vya maelezo na kuwafunza vijana wa pale pale kuwa waongozaji wa wageni, ili faida ya utalii ibaki kijijini. Vyama vya wafanyakazi vinapopanga matembezi ya mwaka, na vikumbuke kwamba njia haielekei Serengeti peke yake.

Mto hauchagui wa kumpa maji. Huwapa walio kushoto na walio kulia, Mtanzania na Mganda, mwenye ng'ombe na mwenye migomba. Anayetaka kuugeuza kuwa ukuta hushindana na maji, na maji hayajapata kushindwa. Sisi tumekwisha kuuvuka mto huu. Mamba tumemwona, na tumepona. Wajibu uliobaki ni kuwaonyesha watoto wetu mahali tulipovukia.