Waliofaulu Ni Wangapi, na Waliosoma Ni Nani?

Kwa miaka mingi watoto wa darasa la saba katika Tanzania wamekuwa wakiketi mwezi wa Septemba kufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Kabla mwaka haujaisha majibu hutangazwa, na mara maneno huanza barazani na kisimani: shule yetu imeshuka, ya wenzetu imepanda, mwalimu mkuu hafai. Mzazi husikia hesabu moja tu, yaani wangapi wamefaulu katika kila 100, naye huihukumu shule nzima kwa hiyo. Yafaa tuitazame kwa makini, maana kwa ajili yake waalimu wema hufedheheshwa, na watoto wengine hupotea wala hapana anayewauliza.

Twaeni kwanza habari ya ada. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kila mtoto apate elimu ya msingi, na shule zikajaa. Katika miaka ya 1980 ada ikarudi, na wengi wakabaki nyumbani. Mwaka 2001 serikali ikatangaza kuifuta tena. Mwaka 2000 watoto waliokuwa katika shule za msingi walikuwa kama 4,400,000. Mwaka 2007 walikuwa wamepita 8,000,000. Fikirini waliokuja ni watu gani. Wachungaji wa mbuzi, yatima waliolelewa na bibi zao, watoto wa wazazi ambao hawakupata kushika kitabu. Wengine walikuwa wamekwisha kupita miaka kumi, nao wakaketi darasa la kwanza pamoja na wadogo zao. Waalimu hawakuongezeka kwa mwendo ule ule. Kwa miaka kadhaa kila mwalimu alihesabiwa watoto zaidi ya 50. Hiyo ni hesabu ya kugawanya nchi nzima, na anayejua shule za vijijini anajua kwamba darasa la kwanza lilikuwa kubwa kuliko hivyo.

Sasa utazameni mtihani. Mwaka 2006 walifaulu 70 katika kila 100. Mwaka 2007 wakawa 54, na mwaka 2009 hawakufika 50. Watu wakalalamika kwamba elimu imekufa. Walakini mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2001 au 2002 ndiye aliyefika la saba mwaka 2007 au 2008. Sisemi kwamba hakuna lililoharibika. Darasa lililosongamana hufundishika kwa shida, na vitabu vilikuwa haba. Lakini sehemu ya anguko lile ni kwamba wale waliokuwa hawahesabiwi kabisa waliingia hesabuni. Mtoto asiyepelekwa shule hawezi kushindwa mtihani.

Tena kipimo chenyewe hubadilika. Mwaka 2012 walifaulu 31 tu katika kila 100, na mwaka 2013 wakafaulu 51. Nani ataamini kwamba watoto wa nchi nzima walipata akili kiasi hicho katika miezi kumi na miwili? Mwaka ule wa 2012 ndio karatasi za majibu zilipoanza kusahihishwa kwa mashine, na watoto walikuwa hawajazoea.

Jirani zetu wa Kenya waliyaona kama hayo walipofuta karo mwaka 2003: watoto waliongezeka kutoka milioni 5.9 hata milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Na mwaka 2004, katika shule moja ya Eldoret, mzee Kimani Maruge mwenye miaka 84 alivaa kaptura na soksi za shule, akaingia darasa la kwanza. Wengi walicheka. Lakini mzee yule alionyesha wazi kuliko tarakimu zote jinsi watu walivyokuwa wakingoja mlangoni.

Nyumbani nako kuna mengi yasiyoandikwa katika majibu. Katika shule nyingi za msingi za serikali za Tanzania masomo ni kwa Kiswahili. Mtoto wa mjini amekinyonya na maziwa. Mtoto wa Kimasai au wa Kisukuma huko bara huenda akakisikia vizuri siku ile ya kwanza anapoingia darasani. Wote wawili hupewa karatasi moja. Kadhalika yuko atembeaye saa nzima asubuhi, na adhuhuri hana chakula. Na liko jambo baya zaidi, nalo waalimu wa vijijini wanalijua sana: wazazi wengine humwagiza mtoto aandike majibu ya uongo makusudi, ili binti aozwe au kijana arudi kwenye ng'ombe. Mwalimu wa mtoto huyo ataitwa mvivu.

Nitoe mfano wa hesabu. Shule mbili ziliandikisha watoto 120 kila moja katika darasa la kwanza. Katika ya kwanza, waliofika kwenye mtihani ni 40, na waliofaulu 36: ndiyo 90 katika kila 100. Katika ya pili walifika 110, wakafaulu 77: ndiyo 70 katika kila 100. Barazani ya kwanza itasifiwa. Lakini ya pili imefaulisha watoto 41 zaidi, na ya kwanza imepoteza 80 njiani. Wako wapi?

Mwezi wa Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, na kwa maoni yangu lilifanya vema, kwa kuwa shule iteuayo watoto haiwezi kushindana kwa haki na shule ipokeayo kila ajaye. Walakini desturi ya kulinganisha haijatoka vinywani.

Basi, mkutano wa wazazi utakapoitishwa, msiulize tu waliofaulu. Ulizeni walioanza darasa la kwanza walikuwa wangapi, na wasichana miongoni mwao wangapi, na kila mwalimu ana watoto wangapi, na adhuhuri wanakula nini. Daftari la kuandikisha liko kwa mwalimu mkuu. Majina yote ya mwaka ule wa kwanza yamo humo, pamoja na ya wale ambao hawakufika darasa la saba.