Kabla hujapanda ndege, jifunze kwa ua la Karagita

MAUA ya Karagita huijua njia ya Embakasi kuliko wengi wa wale wanaoyachuma. Kila siku malori yenye mitambo ya baridi huondoka katika mashamba yaliyo kando ya Ziwa Naivasha na kuelekea Uwanja wa Kimataifa wa Ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA). Maua hufika mapema, yakakaguliwa na maafisa wa KEPHIS, yakapakiwa, na yakatua Ulaya yangali mabichi.

Je, kijana wa Karagita aendaye kazini Qatar au masomoni ng'ambo? Huenda hajawahi kuukanyaga uwanja huo. Nauli yake imechangwa na jamaa na majirani, pengine hata ng'ombe ameuzwa. Akiachwa na ndege, si yeye peke yake aliyeachwa. Iwapo siku yako imekaribia, ewe msomaji, zingatia haya.

Isome saa vizuri

Tiketi haihesabu saa kwa Kiswahili. Ikiandikwa 02:00 Jumamosi, hiyo si saa mbili ya asubuhi wala ya usiku. Ni saa nane za usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Kwa kuwa abiria wa safari za nje hutakiwa kufika saa tatu kabla, yakupasa uwe uwanjani Ijumaa saa tano usiku. Ukingoja Jumamosi ipambazuke, utakuwa umechelewa!

Kutoka Naivasha mjini hadi Nairobi ni kama kilomita 90, na lori moja likiharibika penye mteremko wa Mai Mahiu, foleni haina mwisho. Ondoka mchana, hata kama ndege ni ya usiku. Ukifika jijini, matatu za nambari 34 huenda upande wa uwanja. Mwenye gari au teksi aweza kupita barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, ila hiyo hulipiwa.

Stakabadhi mkononi

Pasipoti, viza, tiketi na mkataba wa kazi usivitie katika sanduku kubwa. Viweke katika mkoba usiokubanduka, na nakala zake uwaachie wa nyumbani. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha muda wake. Kama umetafutiwa kazi na wakala, hakikisha mapema kwamba amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Langoni si mahali pa kugundua kwamba ulitapeliwa.

JKIA ina majengo kadhaa ya abiria. Ndege za Kenya Airways ziendazo nje hutumia jengo la 1A. Kwa mashirika mengine, piga simu siku moja kabla uulize jengo lako.

Ukishaingia

Wasindikizaji huishia nje, basi maombi na machozi yamalizikie huko. Ndani, utapitisha mizigo kwenye mtambo wa ukaguzi, kisha uende kwenye kaunta ya shirika lako. Hapo sanduku litapimwa. Uzani unaoruhusiwa umeandikwa kwenye tiketi, na ukizidisha utalipa au utapunguza unga mbele ya watu. Kama utabadilisha ndege njiani, uliza: "Sanduku langu nitalichukulia wapi?" Utapewa kadi ya kupandia ndege yenye nambari ya kiti na ya lango. Itunze.

Kisha utafika kwa afisa wa uhamiaji. Mjibu kwa ufupi na kwa ukweli. Katika ukaguzi unaofuata, chupa ya mafuta au manukato inayozidi mililita 100 hairuhusiwi mkononi. Itie katika sanduku kubwa tangu nyumbani. Ukipita hapo, tazama ubao wa matangazo mara kwa mara, kwani lango laweza kubadilishwa.

Na kifurushi cha mtu usiyemjua? Kikatae, hata akikulilia. Kikipatikana na mihadarati, mwenyewe atakuwa ameshatoweka na wewe ndiwe utakayefungwa.

Ukikwama popote, mwulize mfanyakazi aliyevaa sare na kitambulisho, wala si kila ajitoleaye kukubebea begi. Usione haya. Kuuliza si ujinga, na ndege haimsubiri mwenye soni.