Kufundisha Ngoma za Asili kwa Wanafunzi wa Nachingwea na Ruangwa: Faida za Kiafya na Kinga dhidi ya Majeraha

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, wanakoishi Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ngoma ni sehemu ya mafunzo ya jando na unyago. Inapohamishiwa shuleni, kuna hatari ya kuchukuliwa mtindo wa uchezaji pekee na kuachwa maandalizi ya mchezaji. Sindimba, yenye asili ya Wamakonde, hudhihirisha suala hili. Mchezaji hukunja magoti na kuzungusha nyonga kwa kasi. Uchezaji huo huimarisha moyo, mapafu na mapaja, na huchangia dakika 60 za mazoezi ya kila siku ambazo Shirika la Afya Duniani linawapendekezea watoto wa miaka 5 hadi 17. Hata hivyo, magoti na kiuno huelemewa, hasa kwenye sakafu ya saruji. Mpigaji huipasha ngoma moto ili ngozi ikaze. Misuli ya mchezaji nayo huhitaji kupashwa, ila kwa lengo la kuilegeza. Hivyo, mwalimu hana budi kuanza polepole, kuongeza kasi hatua kwa hatua, kuchagua uwanja wa udongo uliosawazishwa na kumpumzisha mwanafunzi anayehisi maumivu. Pasipo utaratibu huo, ngoma inayojenga mwili ndiyo itakayouumiza.