Maji ya chumvi shambani, hasara ya nyanya sokoni

Nyanya zinazovuka mpaka kutoka Holili kwenda Taveta, au Namanga kwenda Nairobi, hukaguliwa kwa macho: rangi, ukubwa na ugumu. Maji yaliyozikuza hayaonekani, lakini yanaweza kuamua ni matenga mangapi yatauzika mwisho wa safari.

Katika tambarare zilizo chini ya Mlima Kilimanjaro, kama vile Kahe, yapo maeneo yenye udongo wa chumvi. Jua huvukiza maji ya umwagiliaji na kuacha chumvi ardhini. Pasipo mifereji ya kutoa maji, chumvi hiyo huongezeka msimu hadi msimu.

Chumvi ikizidi, mizizi hushindwa kunyonya maji hata kama udongo umelowa. Mche hudumaa, majani huwa madogo na kingo zake huungua.

Kipimo cha chumvi kwenye maji ni desisimensi kwa mita (dS/m). Miongozo ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) inaonyesha kuwa maji yasiyozidi 1.7, yaani takriban gramu 1 ya chumvi kwa lita, hayapunguzi mavuno ya nyanya. Yakifika 2.3 mavuno hupungua kwa asilimia 10, yakifika 3.4 kwa asilimia 25, na yakifika 5.0 nusu ya mavuno hupotea.

Kwa mnunuzi, dalili ya kwanza ni udogo wa tunda. Ya pili, ambayo ni mbaya zaidi, ni kuoza kitako. Chumvi huzuia kalsiamu kufika kwenye tunda, na baka jeusi lililodidimia hutokea upande wa chini. Ukungu huingia kupitia baka hilo. Tunda moja likioza katikati ya tenga, maji yake huchafua mengine, na gari likicheleweshwa mpakani hasara huongezeka.

Hata hivyo, chumvi ya kiasi ina faida yake. Kwa kuwa maji machache huingia kwenye tunda, sukari na asidi hubaki kwa wingi na ladha hukolea. Wakulima wa Pachino, kisiwani Sicily nchini Italia, humwagilia kwa maji ya visima yenye chumvi, na nyanya zao ndogo tamu zina jina linalolindwa na Umoja wa Ulaya tangu 2003. Wao huuza ladha. Anayeuza kwa tenga na kwa ukubwa wa tunda hapati nyongeza hiyo ya bei, bali hubaki na matunda madogo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, ni vyema mfanyabiashara apindue nyanya za katikati ya tenga, siyo za juu tu, na aangalie vitako. Aulize pia kama shamba linatumia mto au kisima, hasa wakati wa kiangazi. Kuoza kitako kunaweza pia kuletwa na umwagiliaji usio na mpangilio, hivyo kipimo cha maji ndicho kitakachothibitisha chanzo.

Msafirishaji naye atenge mzigo wenye mabaka kabla ya kupakia. Kuuchambua shambani ni nafuu kuliko kuutupa sokoni baada ya nauli kulipwa.