Tusimhukumu paka kwa sheria za mbwa

Miongoni mwa wanyama wanaoishi na binadamu, sidhani kuna anayesingiziwa mengi kama paka. Huitwa mwizi, mvivu, mnafiki na asiye na shukrani. Mashtaka haya nimeyakuta mara si haba katika insha za wanafunzi wetu, na aghalabu hupita bila ya yeyote kuuliza ushahidi uko wapi. Leo nataka kumtetea mshtakiwa huyu, maana naamini kwamba kosa lake kubwa ni kuwa yeye si mbwa.

Iko hadithi ya kale ambayo wengi wetu tulisimuliwa tukiwa wadogo. Paka aliishi mwituni, akakata shauri kufuatana na aliye shujaa kuliko wote. Akaandamana na chui, chui akashindwa na simba. Akahamia kwa simba, simba akamkimbia ndovu. Akahamia kwa ndovu, ndovu akaangushwa na mwindaji. Basi akamfuata mwindaji hadi kwake, na huko akamwona akimtii mkewe. Paka akajua shujaa ni nani. Akaingia jikoni, akalala kando ya moto. Hadithi hii husimuliwa kwa namna nyingi, lakini jambo moja halibadiliki: hakuna aliyemkamata paka. Alikuja kwa miguu yake mwenyewe.

Ajabu ni kwamba wanasayansi nao wamefikia hapo hapo. Utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka wa 2007 ulionyesha kuwa paka wa nyumbani kote duniani wametokana na paka-mwitu wa Mashariki ya Kati, ambaye jamaa zake wangali wanaishi katika mbuga za Kenya. Watu wa huko walipoanza kulima ngano na shayiri na kuziweka akiba, panya waliifuata nafaka, na paka wakawafuata panya. Mwaka wa 2004 wachimbuzi wa mambo ya kale walitangaza kwamba katika kisiwa cha Cyprus wamepata kaburi la miaka 9,500 hivi iliyopita, ambamo paka alizikwa chini ya nusu mita kutoka kwa mtu. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili, hivyo hapana budi wahenga wake walivushwa bahari kwa chombo.

Kwa hivyo, ng'ombe na mbuzi tuliwatwaa, ilhali paka tulipatana naye. Yeye alilinda ghala, nasi tukampa hifadhi. Mapatano hayo hayakumtaka abadili maumbile yake, na hapa ndipo tunapomkosea. Mbwa alitokana na mbwamwitu, ambao huwinda kwa kundi na kufuata wakubwa wao. Utii kwake ni urithi. Wahenga wa paka waliwinda peke yao vitoweo vidogo visivyotosha kugawanywa. Paka asipokuja akiitwa, hiyo si jeuri. Ni malezi ya maelfu ya miaka.

Vivyo hivyo, shtaka la wizi lina maelezo yake. Paka ni mla nyama hasa. Mwaka wa 2005 watafiti walibainisha kwamba ulimi wake hauwezi hata kuonja utamu wa sukari. Fauka ya hayo, iko kemikali iitwayo taurini, ipatikanayo katika nyama na samaki, ambayo paka akiikosa kwa muda mrefu macho na moyo wake hudhurika. Sasa, mwenye nyumba anayempa paka ugali na maziwa siku nenda siku rudi, kisha akashangaa kuona samaki ametoweka mezani, amlaumu nani?

Na je, ni kweli kwamba paka hana mapenzi? Paka wazima hawaliliani sana wao kwa wao. Mlio ule wa nyau ni wa mtoto anapomwita mama yake, na paka mzima huendelea kuutumia kwa binadamu. Aidha, uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba mtu akimtazama paka kisha akafumba macho polepole, paka naye huelekea kufanya vivyo hivyo, na humkaribia mgeni huyo kwa wepesi zaidi. Jaribio hili halihitaji maabara. Mwalimu wa sayansi aweza kuwapa wanafunzi wakalifanye nyumbani na kuandika waliyoyaona.

Sisemi tumtukuze paka. Misri ya kale ilimhusisha na mungu wa kike Bastet, lakini heshima hiyo haikumwokoa: paka wengi walifugwa ili wauawe wangali wachanga, wakaushwe na kutolewa sadaka. Mwaka wa 1890 maiti za paka hao zipatazo 180,000 zilipelekwa Liverpool, zikauzwa kuwa mbolea. Napendelea zaidi desturi ya Lamu, ambako paka hupita vichochoroni na barazani bila kufukuzwa. Wenyeji hawamwabudu, humwachia nafasi yake. Wanajua pia kwamba Abu Huraira, sahaba wa Mtume, alipata lakabu yake kwa sababu ya paka.

Kwingineko nchini tunamlipaje? Watoto wa paka hutiwa guniani na kutupwa kando ya barabara. Paka mweusi hupigwa mawe kwa kudhaniwa ni wa mchawi. Panya hutegewa sumu, paka akamla panya huyo akafa, kisha tukalalamika kuwa panya wamezidi. Wapo wanaosema kwamba paka huua ndege na huzaana kupita kiasi. Ni kweli, kwani jike hubeba mimba kwa miezi miwili tu na huweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Dawa ya hayo, hata hivyo, ni kumhasi kwa daktari wa mifugo, si gunia wala jiwe. Achanjwe pia dhidi ya kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo humshika na aweza kuuambukiza.

Nawaomba walimu, insha ijayo kuhusu paka isianze na sifa zilizokaririwa. Mwanafunzi na amtazame kwanza: anakula nini, analala wapi, anamwendea nani na kumkimbia nani. Mtoto atakayejifunza kutomhukumu paka kabla ya kumjua atakuwa amejifunza jambo litakalomfaa atakapokutana na watu wasiofanana naye. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Nasi tusimfukuze.