Pumzi ya Bahari Yapimwa Kutoka Angani

Askari aliye zamu kwenye mpaka wa Mpondwe, karibu na Bwera, au polisi ashikaye doria mjini Kasese, aweza kuuliza kwa haki: bahari yanihusu nini? Kutoka milima ya Rwenzori hadi pwani ya Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 kuchukua shaba ya Kilembe, sehemu hiyo iliunganishwa na bahari kwa njia ya chuma. Lakini liko fungamano jingine, la kale na kubwa kuliko la reli, nalo ni la hewa.

Makaa ya mawe, mafuta na misitu ichomwayo duniani hutoa kabonidioksaidi, ambayo wengi huiita hewa ukaa. Hewa hiyo huzuia joto la dunia lisitoke upesi kwenda angani. Vipimo vilipoanza kuchukuliwa mlimani Mauna Loa, huko Hawaii, mwaka 1958, katika kila chembe milioni moja za hewa kulikuwa na chembe 315 hivi za hewa ukaa. Siku hizi zimepita 420. Ongezeko hilo lingalikuwa kubwa zaidi kama bahari isingalimeza karibu robo ya hewa ukaa itolewayo na wanadamu, yaani kiasi cha tani bilioni 10 kila mwaka.

Bahari humezaje? Tuchukue chupa mbili za soda, moja baridi na nyingine iliyokaa juani. Zikifunguliwa, ile ya moto hufoka povu, na ile baridi hutunza hewa yake. Vivyo hivyo maji baridi huweza kubeba hewa ukaa nyingi kuliko maji ya moto. Tena hewa hutoka penye msukumo mkubwa ikaenda penye msukumo mdogo. Msukumo wake ukizidi juu ya maji, huingia baharini. Ukizidi ndani ya maji, hutoka. Upepo nao huamua kasi: bahari ikichafuka, hewa huvuka upesi, ikitulia, huvuka polepole.

Sasa yafaa tuelewe kazi ya setilaiti. Chombo hicho hakiioni hewa ikivuka uso wa maji. Husoma dalili, kama mpelelezi asomavyo nyayo. Dalili ya kwanza ni joto la uso wa bahari. Ya pili ni mikunjo ya mawimbi, ambayo kwayo rada hukadiria nguvu ya upepo. Ya tatu ni rangi ya maji, kwa kuwa rangi ya kijani hufichua mimea midogo isiyoonekana kwa macho, nayo hutumia hewa ukaa kujijenga. Ya nne ni chumvi, iliyoanza kupimwa na setilaiti ya Ulaya iitwayo SMOS, iliyorushwa mwaka 2009.

Hewa iliyo juu ya maji nayo hupimwa. Julai 2, 2014, Marekani ilirusha setilaiti ya OCO-2, ikaizunguka dunia katika kimo cha kilomita 705. Njia yake ilipangwa ili ikate Ikweta kila mara karibu saa saba na nusu za mchana, na Ikweta hiyo ndiyo ipitayo Kikorongo, wilayani Kasese. Hupima mwanga wa jua uliorudishwa na nchi kavu na bahari. Na kwa kuwa hewa ukaa hunyonya sehemu fulani za mwanga huo, upungufu wake huonyesha kiasi cha hewa kilichopo.

Hata hivyo, hakuna kamanda ategemeaye taarifa ya angani peke yake. Msukumo wa hewa ukaa ndani ya maji hupimwa na meli na maboya, kisha hesabu za setilaiti hujaza maeneo mapana ambayo meli hazikupita.

Mfano wa kosa liwezalo kutokea uko jirani nasi. Miezi ya Kusi, upepo huvuma kwa nguvu kandokando ya Somalia na Omani, ukasukuma maji ya juu mbali na pwani. Maji baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi yake. Asomaye joto tu angesema: maji baridi, basi bahari yameza. Kumbe maji hayo yamebeba hewa ukaa nyingi kutoka chini, na vipimo vya meli huonyesha kwamba bahari hapo huitoa. Dalili moja, bila mashahidi wengine, hupotosha.

Yaturudishe Kasese. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilienea kilomita za mraba 6.5 hivi, kufikia mwaka 2003 ilibaki pungufu ya kilomita moja ya mraba. Tena kila nyuzi moja ya joto ikiongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mvua kubwa huzidi ukubwa. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 1, 2013, na mito ya Kasese ikafurika tena Mei 2020, ikaharibu nyumba, madaraja na hospitali ya Kilembe. Hatusemi kwamba hewa ukaa peke yake ndiyo iliyoleta maafa hayo. Miteremko mikali na matumizi ya ardhi yana sehemu yake. Lakini bahari ikizidi kupata joto, ikameza kidogo kuliko sasa, joto litakalobaki litawafikia watu wa mabonde hayo, na askari ndio watakaoitwa usiku kuwavusha.

Bahari yenyewe hailipi bure. Hewa ukaa imezayo huongeza uchachu wa maji yake, na matumbawe hupata shida kujenga mifupa yao.

Ndiyo sababu wataalamu husisitiza vipimo visikatizwe. Askari aelewa jambo hili bila kufundishwa: lindo likiachwa saa moja, hakuna ajuaye nani alipita katika saa hiyo. Mwaka wa bahari usiopimwa nao haupimwi tena.