Kisanduku Chekundu Hakirudishi

Jioni moja mama mmoja auzaye samaki katika soko kuu la Bunia aliniambia kwa uchungu: "Mwalimu, nimetoka katika kikundi. Mwaka mzima nimetoa faranga zangu kila juma, na siku ya kugawana nimerudishiwa sehemu tu. Wameniibia!"

Nikamwuliza: "Mama, ulizitia katika kisanduku gani?" Akanyamaza. Alidhani vyote ni kimoja.

Wasomaji wapenzi, kosa hili dogo limewafarakanisha akina mama wengi. Sote twaijua likelemba: kila mmoja hutoa kiasi kilekile, na jumla hupewa mmoja kwa zamu, mpaka wote wamepata. Huko hakuna zawadi. Kila mtu hupata chake. Lakini vikundi viitwavyo MUSO hutenga fedha kwa rangi. Kisanduku cha kijani ni cha akiba na mikopo. Akiba yako hubaki yako. Cha buluu ni cha fedha zitokazo nje ya kikundi. Chekundu ni cha msaada: hufunguliwa kwa ajili ya ugonjwa, kifo au ajali, na kitiwacho humo hakirudi.

Yako na mawazo mengine yanayowazuia wengi mlangoni.

"Kikundi ni cha wenye mali na wasomi." Sivyo. Mchango wa msaada ni sawa kwa wote, na yafaa upangwe kwa kipimo cha yule mwenye kidogo. Asiyejua kusoma naye ana ulinzi wake: mwisho wa kila mkutano hesabu husomwa kwa sauti, wote huishika kichwani, na mkutano ufuatao huanza kwa kuitaja tena. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

"Mwenyekiti atazila fedha." Hofu hii si ya bure, kwani wako waliokwisha liwa. Kwa hiyo vikundi vingi vya akiba hutumia sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanawake watatu mbalimbali, na sanduku hulala kwa mwingine wa nne. Halifunguliwi ila mbele ya wote.

"Sheria yamkataza mke." Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kwa mapatano mengi. Sheria ya Julai 2016 iliigeuza: sasa yatakiwa mume na mke wapatane wote wawili. Basi mke si mtoto wa kuombewa ruhusa. Wala kisanduku si mahali pa kumficha mume fedha za nyumba.

"Msaada ni wa wanachama tu." Hilo huamuliwa na kikundi chenyewe. Tangu Desemba 2017, vita vilipowaka tena katika Djugu, maelfu ya watu walikimbilia Bunia, wengine bila hata sufuria. Kikundi chaweza kuandika katika kanuni zake kwamba sehemu ya kisanduku chekundu itamfaa jirani wa namna hiyo, bila kuuliza kabila lake. Lakini lazima wote wakubali kwanza, kwani zawadi isiyokubaliwa huzaa manung'uniko.

Basi, dada, ukialikwa, uliza mambo matatu kabla ya kutoa faranga ya kwanza. Fungu lipi litarudi, na lipi halirudi? Nani hushika funguo? Nani huamua apewe nani? Wakikujibu waziwazi mbele ya wote, ingia. Wakikwepa, rudi nyumbani kwako na fedha zako.

Nikamrudia yule mama wa samaki: "Mwaka huu mtoto wako alipolazwa hospitali, dawa zililipwa na nani?"

"Wenzangu walileta fedha," akajibu.

"Walizitoa wapi?"

Alikaa kimya kitambo, huku akipanga na kupangua samaki wake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Mkutano wao ungali siku ya Alhamisi?"